Nani Anavuta Nyumbani Kwangu

Pua yangu huwa hailali. Naweza kuingia kwenye lifti ya ofisi pale mjini nikakwambia ni nani kati ya watu sita ametoka kuvuta, hata kama ametafuna peremende tatu. Nililelewa na baba aliyevuta sigara nyuma ya choo na kurudi mezani akinuka majani ya mpera aliyoyatafuna, akituapia kwamba aliacha zamani. Tulimwamini mpaka kifua kikamlaza hospitalini. Tangu hapo simwamini mvutaji yeyote, na nikimwona mtu anapiga mswaki saa nane mchana najiuliza anaficha nini.

Kila siku nikienda kula napita kando ya kile kijibanda walichotengewa wavutaji katikati ya jiji. Wanaume wenye tai wamebanana humo na vijana wa mikokoteni, wote wakitazama chini. Wapita njia huziba pua na kuongeza mwendo. Siku moja mmoja wao alitoka nje kabla hajamaliza sigara yake, hatua mbili tu, na askari wawili wa kaunti wakamdaka mkanda wa suruali. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

Kwa hiyo wapangaji wa jengo letu la Kileleshwa waliponichagua kuwa katibu wa kamati, jambo la kwanza nililofanya ni kuandika karatasi na kuibandika ndani ya lifti. Marufuku kuvuta sigara kwenye roshani, kwenye ngazi, na kule nyuma kunakofuliwa nguo. Atakayepatikana atahama. Niliona kwamba kama serikali imewafukuza barabarani, sisi hatuna sababu ya kuwapokea nyumbani. Wengi walinipongeza. Jirani mmoja wa ghorofa ya tatu hakusema kitu, nikamweka kwenye orodha yangu ya kichwani.

Mwezi huohuo mama mkwe wangu alikuja kutoka magharibi mwa nchi kutibiwa macho. Ni mjane, mama wa kanisa, mtu wa maneno machache. Bwanangu alimpa kile chumba chenye jua, nami nikamtandikia shuka mpya na kumwogopa kimyakimya, kwa kuwa mimi ni mtu wa Kiambu na niliamini wao walitaka kijana wao aoe kwao. Kila jioni baada ya chai alibeba kigoda chake hadi kule nyuma, kwenye beseni na kamba za nguo, akakaa akitazama ukuta huku mdomo ameufunga. Nikimsalimia aliinua mkono tu, bila kujibu. Siku nyingine nilidhani anasali. Siku nyingine nilidhani ananidharau.

Wiki ya pili nikasikia harufu. Ilikuwa kwenye mashuka yaliyoanikwa, hafifu, lakini ya sigara kabisa. Nilitafuta jivu sakafuni, sikuliona. Nikapiga magoti na kuchungulia mtaro wa maji nikitafuta vichungi, hakuna hata kimoja. Mvutaji asiyeacha jivu ni mvutaji wa miaka mingi, nikajiambia, na bado macho yangu yakamwendea msichana wa kazi, ambaye hata thelathini hajafika. Chumba chake kilikuwa hukohuko nyuma, na hilo lilinitosha.

Alikuwa nasi mwaka wa tatu. Naye ni wa magharibi, na jamaa zake wako Kangemi, hapahapa jijini. Tangu mama mkwe aje, wawili hao walizungumza lugha yao jikoni wakicheka, na nikiingia wananyamaza. Alimwita Kukhu, ndivyo wanavyomwita nyanya huko kwao. Hata kicheko chao nilikitilia shaka.

Jumatatu moja bwanangu alimpeleka mama yake kliniki ya macho, nami nikaomba ruhusa ya asubuhi kazini. Nilimtuma msichana dukani, nikaingia chumbani kwake. Sijivunii. Katika mfuko wa sweta nilikuta sigara moja, imefungwa vizuri kwenye tishu, pamoja na kiberiti. Aliporudi nilikuwa nimeviweka mezani, namsubiri.

"Hii ni nini?"

"Ni sigara, mum."

"Najua ni sigara. Ni ya nani?"

"Si yangu."

"Basi ni ya nani?"

Alitazama mlango wa kile chumba chenye jua, kisha akatazama miguu yake. "Mimi sivuti, mum. Hata kwa kanisa wananijua. Lakini hiyo ingine usiniulize, tafadhali."

Nilimwambia afunge virago. Kabla ya saa saba alikuwa ameshuka na begi lake, bila kulia, na hilo pia nikalihesabu kuwa dalili ya hatia. Mama mkwe aliporudi nilimwambia msichana ameitwa nyumbani kwa dharura.

Siku mbili baadaye mwanamke mmoja wa Lavington alinipigia simu. Sisi akina mama wa mitaa hii huulizana hivyo kabla ya kuandika msichana: ni mwaminifu, anapenda watoto, kwa nini aliondoka kwako. Nilimwambia ni mchapa kazi lakini anavuta. "Na usidanganyike ukikosa kusikia harufu," nikaongeza. "Hawa wanajua kuficha." Alinishukuru sana.

Harufu ikaisha. Siku kadhaa nilizunguka nyumba nikijipongeza. Mama mkwe naye akaanza kukataa chakula, akalalamikia kichwa, akanikemea kwa sababu ya chumvi. Nikashuku kwamba ndugu zake wamempigia kunisema. Halafu jioni moja nikatoa shati kwenye kamba, na harufu ile ilikuwa imerudi.

Nilichanganyikiwa. Nilimshuku mlinzi wa langoni, nikamshuku yule jirani wa ghorofa ya tatu, nikamnusa hata bwanangu shingoni, akadhani ni mahaba. Alhamisi nilitoka mjini mapema bila kumwambia mtu, nikafungua mlango polepole, nikavua viatu na kuvishika mkononi.

Mama mkwe alikuwa kule nyuma kwenye kigoda. Mikononi hakuwa na kitu. Mdomo ulikuwa umefungwa, na moshi ulikuwa ukimtoka puani.

"Mama," nikasema.

Aliinua mkono, ile ishara yake ya kila siku. Kisha akatambua kwamba nimeona. Akafungua mdomo taratibu na kutoa sigara, na upande uliokuwa ukiwaka ndio uliokuwa ndani.

Baadaye nilielezwa kwamba nyanya wengi wa huko kwao huvuta hivyo, moto ndani ya mdomo, na kwamba mtu yeyote wa kule angemwona ameketi vile, kimya, angejua mara moja. Nyanya yangu mimi alinusa ugoro mbele ya mchungaji na hakuna aliyemwita mvutaji. Haya ya moto mdomoni sikuyajua, mimi niliyejidai nawajua wavutaji wote wa Nairobi.

"Nilidhani unasali," nikasema.

"Wakati ingine nasali pia." Alitema jivu kwenye mkebe aliouficha chini ya kigoda. "Hii nimeletewa na soja ya gate. Yule msichana ndiye alikuwa ananinunulia huko Kangemi, moja moja. Sasa niambie. Nani alimwita nyumbani?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini. Lakini macho yale mabovu yalinikazia kwa namna ambayo sikuweza kuusema. Nikamwambia yote, hata ile simu ya Lavington.

"Ni mimi nilimkataza kusema," akajibu. "Hiyo karatasi yako ya kwa lift, alinisomea. Inasema mtu atahama. Nikaogopa utanirudisha kabla macho ipone."

Niliona aibu mpaka nikakaa sakafuni, na nguo zangu za ofisi. Muda wote huo nilidhani mwoga katika nyumba ile ni mimi peke yangu.

Jumamosi tulikwenda Kangemi sisi wawili, yeye akinishika mkono kwenye vichochoro kwa sababu ya macho. Msichana alikuwa akifua nguo za watu mbele ya chumba cha binamu yake. Alimkumbatia Kukhu kwa muda mrefu. Mimi alinipa mkono wenye povu.

"Nimekuja kukuomba msamaha," nikasema. "Yule mama wa Lavington nimempigia, nikamweleza nilikosea."

"Alishaandika mwingine, mum."

"Najua. Rudi kwangu basi."

Aliendelea kukamua shati moja mpaka likabaki karibu kavu. "Yule mama alinisimamisha kwa gate," akasema, bila kupandisha sauti. "Soja wake akiwa hapo anaangalia. Akaniambia nifungue mdomo nipumue, yeye anuse. Nikapumua. Hakusikia kitu. Akasema watu wa sigara wanajua kuficha."

Maneno hayo yalikuwa yangu. Mama mkwe alimwambia jambo kwa lugha yao, kwa upole, na msichana akaitikia.

"Nitakuja," akaniambia. "Nitakuja juu ya Kukhu, mpaka macho yake ipone. Lakini ninuse kwanza. Sitaki tufike kwa nyumba ndio uanze."

"Hapana. Hakuna haja."

"Ninuse, mum."

Wanawake wengine waliokuwa wakifua walikuwa wamesimamisha mikono. Alinikaribia, akafungua mdomo na kunipumulia usoni. Nikanusa, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Alikuwa amekunywa chai ya tangawizi.