Mstari Mmoja wa Ruhusa

Bi Faili hakuwa mtu wa kuchezewa. Miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya dirisha la masjala ya hospitali yetu, na katika miaka yote hiyo hakuna faili lililotoka bila sahihi kwenye daftari lake la kijani. Siku moja daktari mkuu mwenyewe alikuja mbio, akanyoosha mkono. "Nipe haraka, nitasaini baadaye." Bi Faili akamsukumia kalamu. "Daktari, huyo Baadaye simjui. Saini." Akasaini.

Mimi ndiye niliyemletea kompyuta. Ni fundi wa mifumo, na kama wasemavyo wauguzi, mdomo wangu ni mrefu kuliko nyaya zangu. Tulipoyahamisha mafaili ya karatasi kwenda kwenye mfumo, nilijua atanisumbua. Wapi! Wiki ya kwanza alishika kipanya kwa mikono miwili, wiki ya tatu akawa anawacheka vijana wanaotafuta wagonjwa kwa majina. Yeye alitafuta kwa namba. Zilikuwa kichwani mwake zote.

Ruhusa zake nilizipanga mwenyewe. Karani wa masjala anaona jina la mgonjwa, namba na tarehe, basi. Maelezo ya matibabu ni ya madaktari na wauguzi. Kwa hiyo kile kitufe cha kufungulia maelezo, kwake nilikificha, nikajipiga kifua kwamba kazi imekwisha.

Miaka ikapita, tukaambiwa wakaguzi wanakuja. Nikakaa kupitia kumbukumbu za mfumo, yaani orodha ya nani amefungua nini na saa ngapi, nikaona kitu kilichonitoa jasho. Mtumiaji namba kumi na nne, faili 20713, maelezo ya wauguzi, saa moja na dakika tano asubuhi. Kesho yake hivyo hivyo. Nikarudi nyuma: miezi kumi na minne, kila siku ya kazi. Mtumiaji namba kumi na nne alikuwa Bi Faili.

Damu ilinichemka. Nilijua papo hapo alipopitia. Kitufe nilikificha kweli, lakini ukurasa wenyewe haukumuuliza mtu chochote. Ukiandika anwani yake kule juu ya skrini na namba ya faili mwishoni, unafunguka tu. Kosa langu, tena la aibu. Lakini hasira yote nilimpelekea yeye. Kumbe huyu mama wa sahihi-sahihi anachungulia wagonjwa! Au anauza siri za watu? Mungu anisamehe, nilifikiri hivyo.

Ijumaa nikaziba. Sasa kabla ukurasa haujafunguka, mfumo unakwenda kwanza kwenye jedwali la ruhusa na kuuliza: mtu huyu, kwa jambo hili, ana mstari wake? Akiwa nao anapita. Akiwa hana, anakutana na maneno niliyoyaandika mimi: "Huna ruhusa ya kuona ukurasa huu." Na kwa vile wakaguzi walitaka usafi, nikaufuta hata mstari wetu sisi mafundi. Fundi anatengeneza mlango, vya chumbani havimhusu. Kuanzia siku hiyo, kuongeza mstari wowote kulihitaji watu wawili, mimi na mkuu wa kumbukumbu za wagonjwa.

Jumatatu niliwahi. Nikasimama nyuma ya kiti chake, mikono kiunoni, nikimsubiri anase. Akaweka mkoba chini, akafuta miwani kwa ncha ya mtandio, akaandika anwani ile na namba ile. Maneno yangu yakatokea. Akarudia. Yakatokea tena.

"Bi Faili," nikasema kwa ukali, "faili hilo la nani?"

Hakugeuka. "La mwanangu."

Kwamba alifiwa na binti yake nilijua, mazishini tulikwenda wote. Yaliyobaki sikuyajua, akanieleza pale pale, macho makavu, huku watu wakianza kupanga foleni nje ya dirisha.

Binti alilazwa wodi namba tatu, mwendo wa dakika nne kutoka masjala. Asubuhi ile muuguzi alimpigia simu: njoo, hali si nzuri. Mwenzake wa masjala hakuja kazini siku hiyo, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Akasema, namaliza hawa walio mbele, nakuja. Alipofika wodini shuka lilikuwa limeshafunika uso.

"Dakika ishirini," akasema. "Mwanangu anakata roho, mimi nagawa mafaili."

Mwaka mzima hakupata usingizi wa maana. Kisha siku moja daktari akasahau dirishani karatasi aliyoichapisha kwenye mfumo, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilikuwapo anwani ya ukurasa na namba ya faili mwishoni mwake. Nani mwingine angesoma maandishi yale ya chini? Ni yeye tu, aliyezeeka akisoma namba za mafaili. Akainakili anwani, akaiondoa namba ile, akaweka 20713. Ukurasa ukafunguka. Muuguzi alikuwa ameandika: "Saa tano na robo. Mgonjwa ameuliza mama yake yuko wapi. Ameambiwa yuko kazini, anakuja. Amesema: mwacheni amalize kazi, najua anakuja."

"Nilikuwa nasoma hayo tu," Bi Faili akasema. "Nikishayasoma ndiyo naweza kufungua dirisha."

Nikaanza kulia mimi, mgomvi mzima. Nikamwambia nitamwongezea mstari, mmoja tu, mkuu wa kumbukumbu nitambembeleza mpaka akubali. Akanitazama kama alivyomtazama daktari mkuu siku ile.

"Nimewanyima watu miaka thelathini na moja. Wake, waume, mama zao wanalia hapo nje. Leo zamu yangu, nifunguliwe? Mkuki kwa nguruwe, eti? Hapana." Akashika kitasa cha dirisha. "Na wewe mwenyewe unaweza kuyaona?"

"Nimejifungia nje na mimi."

"Vizuri. Kazi safi." Akafungua dirisha. Mtu wa kwanza kwenye foleni alisaini nje ya mstari, akakemewa kama kawaida.

Aliomba nakala kwa fomu, kama ndugu wa mgonjwa yeyote. Kamati ilikaa baada ya miezi mitatu, yeye ameshastaafu. Jibu nililipeleka mwenyewe nyumbani kwake. Ukurasa mmoja: tarehe ya kulazwa, ugonjwa, tarehe ya kufariki, muhuri. Kumbe maandishi ya wauguzi hayatolewi nje. Alisoma mbele, akageuza nyuma, nyuma kulikuwa kweupe. Akaikunja karatasi mara mbili, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nilikwenda kwa mkuu wa kumbukumbu kuomba ule mstari mmoja, bila kumwambia Bi Faili. Akakataa. Nikarudi tena, akakataa tena, na sheria iko upande wake. Sheria yenyewe niliiandika mimi.

Wiki chache baadaye simu yangu ikalia ofisini. Saa moja na dakika tano asubuhi.

"Fundi, mwanangu, kuna jambo linanitafuna. Yale maneno. Naogopa niliyatunga mwenyewe. Majonzi humwonyesha mtu visivyokuwapo. Niambie, yapo kweli?"

Sikuwahi kuyasoma. Siku nilipokuwa na uwezo wa kuyasoma, nilikuwa na haraka ya kumkamata mwizi. Nikaandika namba ya faili huku simu iko sikioni. Huna ruhusa ya kuona ukurasa huu.

"Yapo, Bi Faili," nikasema. "Yako hapa mbele yangu, nayasoma. Mwacheni amalize kazi, najua anakuja."



"Uliniambia umejifungia nje na wewe," akasema.

Mimi na mdomo wangu wote, nikaufunga ule ukurasa ulionikatalia.

"Haya, mwanangu. Asante," akasema taratibu. "Maliza kazi yako."