Mzee Aliyezoea Kufa

Wiki hii Gisozi, hapa Kigali, kwenye karakana za mbao, nilimkuta mwigizaji mmoja mzee amejilaza kwenye kitanda kipya cha fundi. Jukwaani na kwenye televisheni tumemwona akifa kwa risasi, kwa sumu, hata kwa mapenzi.

“Muzee,” fundi akasema, “usinifie hapa. Hii kitanda iko ya harusi.”

“Leo sifi, kijana wangu. Nimepewa kuigiza mtu anayeamka usingizini. Kufa nakujua, kuamka kunanishinda. Nikiharibu tena kwenye mazoezi ya jioni, mwongozaji anampa mwingine nafasi yangu.”

Akalala kweli, misumeno ikilia, vumbi la mbao likitua taratibu kwenye kope zake. Fundi akainua kiganja. Mashine zikazimwa moja moja, mtaa ukatulia kama uko chini ya maji. Kimya hicho kikamwamsha. Akafuta mate, akatafuta viatu kwa vidole vya mguu, akauliza, “Mvua imeacha?”

“Ni hivyo hivyo!” Fundi akapiga makofi. “Usiongeze kitu!”

Wasomi wa sanaa wabishe wanavyotaka. Mimi niliacha shule mapema, lakini darasani nililala kuliko wanafunzi wote wa Kigali, kwa hiyo sidanganyiki. Mzee yule aliamka.