Hodi, Olorgesailie

Miaka ya tisini, kabla kwetu Kitengela hakujajaa ghorofa, nilifuatana na akina mama wa kanisa letu kwenda Olorgesailie, makumbusho ya wazi kule barabara ya Magadi. Mwelekezi wetu, Mmaasai mwenye sauti ya upole, alitupeleka penye mashoka ya mawe. Yalikuwa yametapakaa chini, pale pale walipoyaacha watu wa kale, kabla hata hizi lugha zetu hazijazaliwa.

Tulipofika, mama mmoja wa kutoka Kakamega alisimama, akafunga leso yake vizuri, akaita, "Hodi hapa!"

Tulicheka sana. Mwelekezi akamwambia, "Mama, wenyewe walikufa kitambo."

"Kufa walikufa," akajibu bila kucheka. "Lakini si vyombo viko nje? Mtu akiacha vyombo nje hivi, hajaenda mbali."

Kicheko kilikatika. Niliyatazama yale mawe upya. Pale hapakuwa makumbusho tena, palikuwa jiko la watu, na mimi nilikuwa nimeingia bila kukaribishwa. Nikajikuta naongea kwa kunong'ona.

Nimezuru ngome za Mombasa na visiwa vya Lamu, nikapiga picha kama wengine. Huko nilionyeshwa kuta. Hakuna aliyewahi kunifanya nihisi kwamba mwenye nyumba ametoka kidogo tu.

Tukiondoka, yule mama alimpa mwelekezi mkono.

"Wakirudi," akamwambia, "waambie tulipita."

Mwelekezi alivua kofia. "Sawa, mama. Nitawaambia."