Pembe Aliyoiegemea Mama

Kazi yangu ni kupima mitetemo. Karakana yetu ya Kitale hutengeneza fremu za mashine za kilimo, nami huzigonga kwa nyundo ndogo na kusoma kwenye kifaa jinsi zinavyotikisika. Inachosha, na mwaka huu nimechoka hata kuamka.

Mama alikuja kwangu kutibiwa nyonga, akamwachia kaka mashine yake ya kusaga mahindi kule Bungoma. Daktari alimkataza kusimama kutwa. Wiki haikuisha kaka akapiga simu.

"Dada, hii mashine inatetemeka vibaya, bana. Bolti zinafunguka, ati wateja wanaogopa."

Mama akadakia kutoka kitandani: "Si nilisema? Nirudisheni."

Nilikasirika. Nilitaka apone, basi.

Kaka akaleta fremu kwa pikapu. Niliining'iniza kwa mipira ya tyubu isiguse chochote, nikaigonga. Nzima kabisa. Fremu ikining'inia hivyo, napima tabia yake yenyewe. Ikifungwa sakafuni, napima pia sakafu na kila kinachoishika. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye sakafu, au pale inapoishika fremu. Nikaenda Bungoma, mgongo ukiniuma njia nzima.

Tuliifunga palepale pa zamani. Nilipogonga, ikatikisika kweli. Nikaizunguka, nikaona pembe moja imefutika rangi, kimo cha kiuno.

"Hapa ni nini?"

"Si ndio mama husimama hapo? Anaegemea, anapokea madebe."

Nikaegemea mimi. Kaka akagonga, na mtetemo ukafifia. Sakafu ilikuwa imebonyea chini ya mguu wa fremu wa pembe ile, nani ajue tangu lini, na mama ndiye aliyekuwa akiushika kwa nyonga yake. Nikamtuma kaka simenti.

Tulimwaga zege, tukafunga bolti mpya, tukachomelea chuma cha kushikilia pembe ile. Nikapima tena bila mtu kuigusa. Sawa.

Mama alipopata nafuu alitaka kwenda Bungoma, kuangalia tu, nikampeleka. Mashine ikawashwa, akaenda moja kwa moja kwenye pembe yake, akaegemea. Kisha akajitoa polepole, akasubiri. Mashine haikubadilika.

"Kwa hivyo hainihitaji," akasema.

"Imepona, mama. Sasa pumzika."

Nikamvutia kiti. Alikitazama kwa muda mrefu, wala hakukaa.