Mama Uani Hapiti Mlango wa Mbele

Dalali wa kawaida akikupeleka kuona nyumba, anakusimamisha mbele. Anafungua geti kwa mbwembwe, anavuta mapazia ya sebuleni, anakuacha upigwe na mwanga, halafu anakuuliza, "Eh, unaionaje?" Mama Uani hana mambo hayo. Akishasalimiana na mwenye nyumba anaambaa na ukuta, anapita penye bomba na kamba ya nguo, anatokea nyuma, na huko ndiko anakopiga hodi.

"Mbele wamefagia kwa ajili yetu," huwaambia wateja wake. "Twendeni ambako hawakututegemea."

Jina hilo walimpachika madalali wenzake kwa kumcheka. Yeye akalivaa kama gauni jipya, hata kwenye kibao cha ofisi yake akalichora kwa rangi ya buluu. Na ukisikia ofisi usifikirie ghorofa. Ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la vioo. Ndani kuna meza, benchi, viatu vya mpira vya kukanyagia matope, na feni iliyogoma kugeuka, inayopuliza upande mmoja tu, kiasi kwamba wateja wakiingia wanagombea kona ile kama watoto wanaogombea dirisha la gari.

Uani kuna nini hasa? Mama Uani akiulizwa hucheka kwanza. Uani ndiko maji machafu yanakotuama, ndiko majirani wanakorushiana maneno, ndiko nyufa zinakoachwa bila kupakwa rangi. Lakini sababu yake ya kweli ni ya zamani kuliko udalali wake. Alipokuwa msichana mdogo, baba yake alinunua nyumba bila kumshirikisha mtu yeyote. "Macho ninayo, miguu ninayo," mzee alisema, "dalali wa nini?" Wakahamia, wakapaka rangi, wakapanda maua. Maua hayajachanua, asubuhi moja akatokea mwanamke na watoto wake na mizigo yao. Alikuwa mjane wa ndugu wa yule aliyewauzia. Nusu ya nyumba ilikuwa yake na hakuna aliyemuuliza. Kesi ikawa ndefu kuliko pumzi za mzee, na mwisho wake familia ikatoka. Mama Uani hakukumbuki sana kule kuondoka kwenyewe. Anachokumbuka ni mama yake akideki sakafu siku hiyohiyo, chumba baada ya chumba, akirudi kinyumenyume na tambara lake mpaka akatokea mlango wa nyuma. Hakutaka kuacha uchafu katika nyumba aliyokuwa akiipenda.

Sasa hebu fikiria moyo wake ulivyoruka siku mtu mzima na ndevu zake alipoingia ofisini, akakaa upande wenye upepo, akatamka maneno yaleyale.

"Mimi nimeletwa tu," alisema. Alikuwa fundi wa friji, mpana wa mabega, mwenye uso wa kucheka hata akinuna. "Macho ninayo, miguu ninayo. Nyumba siyo sindano, kwamba itafutwe na watu wawili."

"Miguu yako ndiyo imetufikisha hapa," alijibu mke wake, muuguzi, ambaye hata sare hakuwa ameivua. Akamgeukia Mama Uani. "Dada, mwenye nyumba tunayopanga anamrudisha mwanawe. Mwisho wa mwezi tutoke. Tumezunguka wenyewe wiki nzima na huyu bwana. Juzi mwenye nyumba hajataja hata bei, mume wangu ameshapima kabati litakaa wapi."

"Si nilikuwa napima tu, jamani!"

"Ulikuwa unapima huku unaimba."

Mama Uani alicheka mpaka akafuta macho. "Tatizo lako, fundi, uso wako hauna pazia. Muuzaji akikuona hivyo, bei inapanda yenyewe. Basi tufanye hivi. Ukipenda kitu mle ndani, usiseme neno. Inama ufunge kamba za viatu, mimi nitaelewa."

Fundi akaitazama miguu yake. "Nimevaa ndala."

"Basi piga chafya."

Kesho yake wakaenda kuona nyumba ambayo Mama Uani aliisikia kwa madalali wenzake. Ilikuwa nyumba ya marehemu mmoja, na watoto wake wameamua kuiuza. Aliyewapokea getini ni kaka mkubwa wa familia hiyo, bwana wa viatu vinavyong'aa na sauti ya upole. Mama Uani akaanza kuambaa na ukuta kama desturi yake, lakini kaka mkubwa akamzuia kwa mkono.

"Huko nyuma pamefungwa, mama. Ufunguo umepotea. Tupite hapa tu mbele, hapa ndipo pazuri."

Ikabidi apite mbele. Alivuka kizingiti kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Nyumba ilikuwa nzuri, isisingiziwe. Sakafu nyekundu iliyosuguliwa ikateleza, dari ya mbao, jiko lenye dirisha refu la kuingiza asubuhi yote. Fundi alipiga chafya sebuleni. Akapiga chafya jikoni. Walipofika kwenye chumba cha pembeni chenye mlango wake wa nje, mahali ambapo mtu angeweza kutengeneza friji zake bila kulala nazo, alipiga chafya mfululizo mpaka mke wake akamkanyaga.

"Pole sana, bwana," alisema kaka mkubwa. "Ni vumbi. Nyumba imekaa bila mtu tangu mzee afariki."

"Bila mtu kabisa?" aliuliza Mama Uani.

"Hata paka hayupo. Na sisi ndugu wote tumekubaliana, karatasi zote zipo sawa. Ila niwe mkweli kwenu, jioni kuna wengine wanakuja kuiona. Mkiwa tayari, malizeni sasa."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama Mama Uani. Na Mama Uani alikuwa ametega sikio kwenye dirisha la jikoni, kwa sababu huko nje kulikuwa na mlio mdogo: ta, kisha kimya, kisha ta-ta. Mlio wa maharage yanayodondoshwa kwenye beseni.

Hakuuliza kitu. Alitoka alikoingilia, akazunguka ukuta, na wengine wakamfuata, kaka mkubwa akiwa nyuma yao akisema, "Mama, huko ni stoo tu, mama, kuna vumbi zaidi."

Uani hapakuwa na vumbi. Palikuwa pamefagiwa mpaka mistari ya fagio inaonekana. Kwenye kamba lilining'inia gauni linalochuruzika maji. Kando ya ukuta yalipangwa makopo ya rangi ya zamani, kila kopo na mche wake wa mchicha. Na mlangoni pa hiyo stoo, iliyotundikwa pazia lililopigwa pasi, alikaa bibi mmoja mkavu, mnyoofu, na beseni mapajani.

"Hodi huku," alisema Mama Uani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Bibi akawapima kwa macho. "Nyinyi ndio wapaka rangi? Mbona mmekuja mikono mitupu?"

Bibi akamwona kaka mkubwa, akakunjua uso. "Ah, kumbe uko na wageni! Ngoja niweke chai."

"Usijisumbue, shangazi," alisema kaka mkubwa, na sauti yake ya upole ikawa ndogo kama ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Yote yalikuwa wazi. Huyu alikuwa dada wa marehemu, bibi aliyekaa nyumba hii miaka mingi, na hakuna aliyemwambia kwamba inauzwa; aliambiwa tu kwamba wanakuja wapaka rangi.

Fundi akamvuta Mama Uani pembeni penye bomba. "Dada, tusijiingize. Hayo ni ya familia yao. Ndugu wamekubali, karatasi zipo. Tulipe. Jioni wengine wanakuja!"

"Mkilipa leo mnanunua kuta na shangazi ndani yake."

"Watamtoa wao."

"Lini? Na wasipomtoa? Siku umefika na kabati lako mgongoni, nani atamwambia inuka, mama, hapa si kwako tena? Utamwambia wewe?"

Fundi aliyaangalia makopo ya mchicha. Lakini hasira ilikuwa bado imo. "Dalali gani huyu anayezuia mauzo! Wewe hutaki kula?"

Swali hilo lilimchoma, maana dalali hali mpaka nyumba iuzwe, na mwezi ule hakuwa ameuza hata kibanda. Angeweza kunyamaza. Wangelipa, wangepeana mikono, angepata haki yake, na yatakayofuata yangekuwa ya wengine. Nani angemlaumu? Hata mteja mwenyewe alikuwa anamsihi anyamaze. Mama Uani akalitazama lile gauni linalochuruzika kwenye kamba. Akamwona mama yake akirudi kinyumenyume na tambara.

"Nataka kula," alisema. "Ila nataka chakula kinachoshuka."

Akamwendea kaka mkubwa, akamnong'oneza, bila kumkemea. "Kaka yangu, kwa nini hujamwambia?"

Yule bwana akafuta paji la uso. Ndugu zake walikubali kuuza kwa sharti kwamba yeye, mkubwa wao, aongee na shangazi kwanza na mahali pake pajulikane. "Nimekuja mara nyingi, mama. Naapa. Nikifika ananiwekea chai. Nikimaliza chai ananiwekea nyingine. Naondoka tumbo limejaa na maneno yamo humohumo."

"Basi leo yatoke. Nitakaa karibu yako."

"Na wateja wa jioni?"

"Waje tu. Na wao nitawaleta huku nyuma."

Kaka mkubwa akaona hana njia. Alichuchumaa mbele ya beseni, viatu vinavyong'aa na vyote, akasema. Alisema vibaya, akirudiarudia, lakini alisema. Muuguzi alikuwa amekaa upande wa pili wa bibi, na bila makuu alikuwa ameushika mkono wake, pale penye mapigo.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua harage moja bovu, akalitupa mbali.

"Kumbe ndiyo maana umekuwa ukinywa chai kama unajaza tangi," alisema. "Mimi nasema, huyu mtoto ana kisukari!"

Fundi alicheka kabla hajajizuia. Shangazi akamgeukia. "Na wewe mwenye mafua, unacheka nini? Nilikusikia humo ndani, chafya kila chumba. Umeipenda nyumba ya kaka yangu?"

Fundi aliangalia ndala zake. "Nimeipenda, mama," akakiri, na uso wake ukasema mengine yote.

"Basi utangoja. Sihamishwi kama kabati mimi. Wanangu wote waje hapa, wakae chini, waniombe kwa midomo yao. Halafu nitajua."

Wakarudi bila kulipa. Na jioni wale wengine kweli walikuja, Mama Uani kweli aliwapitisha uani, na shangazi kweli aliwauliza kama wao ndio wapaka rangi. Wakaaga mapema.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja mbio na fundi alipiga simu kila asubuhi. "Ndugu wameenda kwa shangazi?" "Bado." "Dada, tutalala kwenye friji." Mama Uani hakukaa kungoja tu. Alikwenda kwa mwenye nyumba wao, yule anayemrudisha mwanawe, akakaa naye barazani mpaka akakubali kwamba mwana anaweza kulala sebuleni kwake wiki mbili bila kufa. Akarudi kwa kaka mkubwa, akamwonyesha mfereji wa paa uliooza na ukuta wa nyuma uliokunywa maji, mambo ambayo kwa mlango wa mbele yasingeonekana, na bei ikashuka kwa amani. Na Jumapili watoto wa marehemu wakaja wote, hata binti wa mwisho anayeishi mbali. Walikaa chini uani, wakanywa chai mpaka ikaisha. Binti wa mwisho ndiye aliyesema, "Shangazi, njoo ukae kwangu. Kwangu kuna jua la makopo yako." Bibi akasema atafikiri. Alifikiri kwa vikombe viwili, kisha akauliza hilo jua linaingia upande gani.

Siku ya kukabidhiana nyumba, mambo ya mezani yaliisha vizuri, wote wakitia sahihi, hakuna aliyekosekana. Kaka mkubwa akampa fundi funguo za mbele. Wakatoka kumuaga shangazi, ambaye makopo yake yalikuwa tayari garini, isipokuwa moja lililobaki penye bomba.

"Hilo ni lako, mwenye mafua," alisema. "Maji asubuhi, siyo mchana. Ukiliua nitasikia."

Halafu akaingiza mkono katika mfuko wa gauni, akatoa ufunguo mweusi, mzito, ule wa mlango wa nyuma uliodaiwa kupotea. Hakumpa fundi. Aliuweka katika kiganja cha muuguzi, akakifunga.

Fundi akapiga chafya. Kubwa, ya kweli, isiyozuilika.

"Sasa unataka nini tena?" aliuliza mke wake. "Si umeshapewa yote?"

"Hapana," alisema fundi, akijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Hii ni mafua."

Alipotulia akageuka kumtafuta Mama Uani, amshukuru kwa heshima zote na amsindikize mpaka getini, mbele, kama mgeni wa maana. Mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa tayari ameuinamia ukuta wa nyuma, kidole kwenye ule unyevu, akimweleza muuguzi waanzie kukarabati wapi kabla mvua hazijaja.