Suruali Yangu Kwenye Meno ya Ngiri

Chekeni tu, hata mama yangu mzazi alicheka, na mimi nitasimulia hivyo hivyo nikiwa na aibu na hasira zangu, kwa sababu siku ile nilionewa, na wa kwanza kunionea alikuwa ngiri.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imetuingia kichwani Tarime nzima. Kwetu Turwa watu walichimba hadi nyuma ya choo (jirani yangu alichimba mpaka choo chenyewe kikaanguka, naye akaendelea), na mimi, pamoja na cheti changu cha masomo ya jioni, nilikuwa mchimbaji kama wengine. Ila siku hiyo nilikuwa mkwe mtarajiwa. Nimevaa suti ya kuazima, naenda Robanda, kijiji cha kando ya hifadhi ya wanyama, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Nyangi, wazee wangu wameshatangulia, pikipiki ikapata pancha, nikasema si mbali, nitakata porini kwa miguu.

Kando ya kichuguu nikaona shimo, na udongo mbichi, mwekundu, ule ule unaomfanya mchimbaji aache ugali mezani. Nikajua kuna mjanja anachimba kwa siri. Basi nikafanya kama tunavyofanya machimboni: nikatundika koti kichakani ili kila apitaye ajue shimo hilo lina mwenyewe, nikavua suruali nisije nikafika ukweni mchafu, nikaikunja vizuri mlangoni, nikaingiza kichwa.

Sasa niambieni, ngiri gani yuko ndani saa nne asubuhi, wakati wenzake wote wametoka kutafuta riziki? Alitoka kwa kasi ya lori lisilo na breki, akanirusha (nilipokuwa huko juu niliuona mji wote wa Mugumu), na nilipotua yeye anakwenda zake, mkia wima kama antena, suruali inapepea kwenye meno yake.

Hapo hapo likasimama gari la watalii. Nikadhani ni msaada.

"Mura, kijana wangu, usitikisike kidogo," dereva akaniambia. "Wageni wanapiga picha."

"Kaka, nisaidie shuka."

"Subiri wamalize. Hawajawahi kuona."

Halafu akashika redio akawaita wenzake, kama wanavyoitana wakimwona chui. Magari yakaja, wazungu wamesimama na darubini zao, na mimi nimechuchumaa nyuma ya kichaka chenye majani ya kuhesabika, koti langu liko kwenye kichaka kingine, ng'ambo ya magari. Nilizaliwa Mara hii hii, sijawahi kutazamwa namna ile.

Gari la mwisho halikuwa na wageni. Lilikuwa la kambi ya watalii, linarudisha wapishi waliomaliza zamu, na mbele amekaa mama yake Nyangi, ambaye nilimfahamu kwa picha. Kwetu mkwe hampi mama mkwe hata mkono. Akimwona njiani anampisha, anaingia kichakani. Mimi kichakani nilikuwemo tayari, na haikunisaidia.

Mama akageuza uso, akarusha kanga dirishani, akasema na dereva wake, si na mimi.

"Muulize, siye yule kijana wa Tarime tunayemsubiri nyumbani? Mbuzi anachinjwa."

Nikajifunga kanga hadi machoni. "Mwambie mimi sitoki Tarime," nikasema. "Na huyo Nyangi simjui kabisa."

Hakuna aliyekuwa amemtaja Nyangi.

"Twende," mama akamwambia dereva.

Robanda sikufika. Wazee wangu walirudi jioni wameshiba nyama, wamenuna, na wakaniletea maneno ya Nyangi mwenyewe: "Suruali ningemnunulia. Lakini amenikana mbele ya mama yangu." Akaolewa huko Manchira, na mtu ambaye naambiwa hajawahi kushika sururu.

Tangu siku ile nikiona shimo napita, hata liwe linang'aa mpaka barabarani. Na mtu akiniuliza mimi ni nani, hata nikiwa uchi mbele ya kanisa zima, namtajia jina langu lote, na la baba yangu, na la mchumba wangu kama ninaye.