Masuke ya Mpunga Juu ya Moto

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilifika Mbau, kijijini kwa mama mkwe wangu, nikiwa na hasira, nikarudi hapa Bungulu na hasira zaidi. Nakusimulia kwa sababu jana uliniambia tung'oe mpunga ulioko nyuma ya nyumba, ujenge duka la mchele wa ng'ambo. Nimechoka, lakini hili nitalisema.

Mchele huo nimeuuza mimi kabla yako, sokoni hapa Beni. Sikujiuliza kwa nini kilichovuka bahari kiwe rahisi kuliko kilichotoka Mbau kwa baiskeli. Nilielewa baadaye. Kule ng'ambo serikali inamsaidia mkulima kwa mbolea na mashine, kinachobaki wanatuuzia. Kwetu mkulima ndiye anayeilisha serikali, kwenye kila bariere, kile kizuizi cha barabarani anapotozwa pesa. Na wakubwa wetu walienda kwenye mikutano ya biashara wakakubali milango iachwe wazi kwa mchele wa ng'ambo. Nani angeshindana? Watu wa Mbau wakaacha mpunga, wakatwanga hata mbegu.

Mama mkwe wangu, Kavira, hakuacha. Alikata suke moja moja kwa kisu kidogo, akafunga mafungu, akayatundika juu ya moto ili moshi ufukuze wadudu. Nilimcheka.

"Mama, unajichokesha bure. Muchele iko mingi ku soko!"

Alipuliza moto wake tu.

Kisha nchi ile ya ng'ambo iliyokuwa inatulisha ikavuna vibaya, ikakataza mchele wake kutoka. Siwalaumu, walifikiria watu wao kwanza. Ila mimi nilibaki na magunia matupu na watoto wanaolia njaa. Ndipo nikashuka Mbau kuomba yale mafungu niyatwange.

"Hii hapana ya kukula," mama mkwe akasema. "Bale ba ng'ambo banakulisha siku bo beko banashiba. Siku njaa inabapata, banalisha batoto yabo mbele. Weye, nani atakulisha?"

"Lakini mama, batoto banalia!"

"Nasikia. Beba mihogo, beba ndizi, ubapikie. Na fungu hii moja, utaipanda. Ukiitwanga, usirudie huku."

Nililia kwa hasira njia nzima. Nilimwona mama mwenye roho ngumu. Lakini nilipanda, tukala mihogo mpaka tukaichukia, mpunga ukaiva. Wale waliokuwa wametwanga mbegu walimjia mama mkwe mmoja mmoja, na kila mmoja alipewa fungu kwa ahadi ya kurudisha jingine akivuna. Hivyo ndivyo Mbau ilivyolima tena.

Leo mama mkwe hayupo, na shamba lake hatulifikii kwa sababu ya vita. Mpunga wake uliobaki ni hicho kipande nyuma ya nyumba, ukubwa wa mikeka miwili. Ndio huo unaotaka kuung'oa.

Uza mchele wa ng'ambo, mwanangu, sikukatazi. Jenga duka lako mbele, barabarani. Kanuni za biashara hatuzitungi sisi, na nimeacha kungoja wanaozitunga watukumbuke. Lakini usikubali chakula chako chote kiwe mikononi mwa mtu asiyekujua. Kila msimu panda kile kipande, kata, tundika juu ya moto, na jirani akiomba mbegu usimnyime.

Mungu akulinde katika biashara yako, moshi usikatike nyumbani mwako. Na siku njia ya Mbau itakapofunguka, hata kama mimi sitakuwepo, akujalie ufike kule na mbegu mkononi.